Ati pete ya ndoa ilichomwa na betri ya Probox, niamini?

Fundi habari yako. Najua wengi hukuandikia juu ya gari kukataa kuwaka, mimi yangu hata sijui kama ni ya gari ama ni ya nyumba, utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma, lakini tafadhali usitaje jina langu juu huku Free Area watu wanajuana sana.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Bwanangu ana Probox tulinunua na loni na hadi leo hatujamaliza kulipa. Hubeba viazi kutoka Molo na saa zingine Elburgon analeta soko hapa Nakuru, anatoka kwa nyumba saa tisa usiku na huko juu ukungu ukikamata hata boneti yako mwenyewe huioni, kwa hivyo ilibidi atafute taa za kuongezea pale mbele. Akapeleka gari kwa fundi mmoja hapa mjini, akalipa vizuri, wiki haijaisha redio imekufa na honi inalia yenyewe akikata kona ya kushoto, hadi watu wa soko wakampatia jina. Kurudi kwa huyo fundi akaitishwa pesa zingine. Hapo ndio alisema yeye si mjinga, umeme wa gari ni waya mbili tu, nyekundu na nyeusi, ataifanya mwenyewe.

Tangu hio siku nyumba yangu imekua gereji. Anaangalia video kwa simu hadi saa sita usiku, Jumapili ananiachia watoto niende nao kanisa yeye anabaki chini ya dashibodi miguu nje. Amenunua waya, swichi, tepu, na kile kidude cha kupima moto. Betri analeta ndani ya nyumba usiku kuichaji, ati huku kwa ploti wezi watabeba, anaiweka pale kona ya sebule karibu na meko ya gesi, na watoto wanalala hapo kwa godoro. Kuna kafyuzi kanakatika kila mara, juzi nikamuona anakunja ile karatasi ya silva ya pakiti ya sigara anaingiza pale mahali pa fyuzi, na yeye hata havuti, aliomba duka.

Sasa yenyewe yenye imenileta ni hii. Jumapili tatu zimepita nilikua napika nikasikia mtu amepiga nduru kwa compaundi kama paka imekanyagwa. Kutoka nje nikapata baba watoto amechovya mkono kwa karai langu la nguo, pete yake ya ndoa iko chini kwa mchanga imekua nyeusi na upande mmoja imelika kama imeumwa na panya. Kidole kimeungua kuzunguka chote, malengelenge mviringo kama pete ingine. Nikauliza ni nini, akasema ni betri. Tukapaka dawa ya meno, tukafunga na kitambaa, tukanyamaza.

Jioni nikaongea na dadangu, akacheka. Akasema betri ya gari haiwezi kuchoma mtu, ni volti 12 tu, yeye ameshika hizo tamino zote mbili, vile vichwa vya juu ya betri, na mikono mitupu na hakuskia kitu. Bwana yake ni wa bodaboda na yeye akasema hivyo hivyo, betri ya 12 haishiki mtu. Hapo moyo ukaanza kunisumbua. Juu tangu siku hio hajarudisha pete, ameitupa kwa kikombe juu ya kabati na nikimuuliza anasema hataki kuiona tena. Mama mkwe alikuja wiki jana, kitu ya kwanza aliangalia ni kidole, akaniangalia mimi. Sasa najiuliza, kama betri haichomi, hio pete ilitolewa wapi na hicho kidole kiliungulia wapi?

Na kama hio haitoshi, jirani wa ploti ya pili ana Aqua yenye imewasha mataa mengi kwa dashibodi, ameskia huku kuna fundi wa bei ya chini, amemwambia aje aiangalie Jumamosi na atamlipa. Yeye amefurahi sana. Fundi, niambie ukweli, betri ya 12 inaweza fanya hivyo kwa kidole cha mtu? Na nimkataze hii kazi ama nimuache?

Mama Wawili, Free Area


JIBU LA FUNDI

Mama Wawili pole, na umpe pole baba watoto. Nianze na yenye inakunyima usingizi. Bwanako hajakudanganya. Mambo mengine ya ndoa siwezi kuyapima na multimita, kile kidude cha kupima moto, lakini ya kidole hicho naweza, juu mimi mwenyewe kwa mkono wa kushoto nina kovu ya mkanda wa saa, ile ya chuma, niliipata kwa Nissan ya matatu nikiwa bado kijana nafundishwa kazi. Ilikua sekunde moja, hata haijafika. Mkanda uligeuka mwekundu nikiwa nimeuvaa, na tangu siku hio saa yangu hukaa mfukoni.

Dadako pia hajakudanganya, na hapo ndio watu wengi hupotelea. Kweli ukishika tamino zote mbili na mikono mikavu huskii kitu. Ngozi ya mtu ni ngumu kupitisha umeme, na volti 12 hazina nguvu ya kuisukuma, kitu inapita ni kidogo hadi huwezi kuiskia. Lakini dhahabu si ngozi. Chuma si ngozi. Betri ukiipatia njia ya chuma itamwaga yote iko nayo kwa mara moja. Stata ya hio Probox ikizungusha injini inavuta zaidi ya ampia 100, na birika lako la umeme la wati 2000 hapo jikoni linavuta 8 na kidogo tu. Sasa chukua nguvu ya kuzungusha injini nzima uipitishe kwa kapete kadogo kamezunguka nyama. Pete inapata moto kabla hata ubongo haujapata habari, na juu yote inapata moto pamoja, ndio kidole kinaungua mviringo. Kwa hivyo shemeji yako wa boda akisema betri ya 12 haishiki mtu yuko sawa, haishiki, inachoma.

Vile nadhani iliendaka, na umuulize kama sijasema ukweli, alikua anafungua tamino ya positivu, ile nyekundu, na spana namba 10, na ya negativu alikua ameiacha imefungwa. Kwa gari, bodi yote ni negativu, boneti, injini, kila chuma unaona pale. Spana ikiwa imeshika positivu, halafu mkono uteleze pete iguse spana upande mmoja na bodi upande wa pili, amefunga saketi na kidole chake. Ndio maana sisi hutoa negativu kwanza. Watu hufundishwa hio sheria kama wimbo bila kuelezwa maana yake. Ukianza na negativu, spana ikigusa bodi hakuna kitu inafanyika, ni negativu kwa negativu. Ikishatoka na umeifunika na kitambaa isirudi yenyewe, sasa positivu unaifungua hata ukiimba, juu bodi haina tena njia ya kurudi kwa betri. Kurudisha ni kinyume, positivu kwanza, negativu ya mwisho.

Hicho kidole, mama, dawa ya meno msirudie tena. Kuungua kwa aina hio ni kutoa pete haraka kabla kidole hakijavimba, halafu maji ya mfereji yanatiririka dakika 20, basi, hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna mafuta. Yeye alifanya la maana kukimbilia karai bila kujua. Lakini jeraha likizunguka kidole chote si la kuchezea, likipona linaweza kukaza ngozi na kuzuia damu. Kama baada ya wiki tatu ncha ya kidole bado ina ganzi, ama imebadilika rangi, ama hakikunjiki, tokeni mwende PGH, ile hospitali kubwa ya Nakuru, waangalie, msingojee.

Sasa pete tuiache hapo kwa kikombe kidogo, juu kitu imenishtua kwa barua yako si pete.

Ni hio betri iko sebuleni. Watoto wanalala hapo, gesi iko hapo. Betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, haina rangi, haina harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka na kulipuka. Hata zile zinaandikwa hazihitaji maji zina katundu ka kupumua. Cheche ya nguvu ya kuua si kubwa, ni ile ndogo inaruka ukichomoa klipu ya chaja ikiwa bado imewashwa, ama ukiwasha meko asubuhi kupika chai. Betri ikipasuka haitoi moto peke yake, inarusha vipande vya plastiki na asidi, na asidi inatafuta macho. Nimeona mmoja ilimpata akiangalia maji ya betri na koroboi usiku, wakati huo tochi za simu hazikua. Jicho moja halikurudi. Kwa hivyo leo hii, si Jumapili, hio betri itoke. Kama shida ni wezi basi kuna vibanda vya kuchaji betri, ama aichaji mchana nje chini ya paa mlango ukiwa wazi na mtu akiwa karibu, na akimaliza azime kwa soketi ya ukuta kwanza ndio aguse klipu. Miwani ya plastiki ya kukinga macho ni bei ya chini, avae. Asidi ikirukia mtu ni maji mengi, dakika 15 kuenda juu, jicho ukiwa umelishikilia wazi hata akilia, halafu hospitali.

Alafu kwani betri inaisha chaji kila usiku kwa nini? Hilo hakuna mtu amejiuliza hapo kwenu. Betri nzuri ikiwa na alternata nzuri, ile inaichaji injini ikizunguka, haihitaji kulala sebuleni. Akiwa na multimita, asubuhi kabla ya kuwasha gari apime, 12.6 imejaa, ikikaribia 12.0 imeisha. Awashe injini apime tena, inafaa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma hivyo na bado asubuhi imekufa, kuna kitu inakunywa usiku, na mimi naweka pesa zangu kwa hizo taa mpya ama hio redio iliuawa. Kupima anayeiba, gari ikiwa imezimwa na imelala kama nusu saa, multimita inawekwa katikati ya negativu na waya wake, ikizidi ampia 0.05 anatoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Lakini aniskie vizuri hapa, ule waya mwekundu wa multimita ukishakaa kwa tundu la ampia, usiuguse kwa tamino mbili za betri kama unapima volti, hapo umefanya multimita kuwa ile pete. Kitawaka mkononi. Akimaliza kupima ampia arudishe waya kwa tundu la volti hapo hapo, kabla hata ya kukuna kichwa. Na asiwashe gari kikiwa bado hapo katikati, stata itakiua.

Na kwa huyo fundi wenu wa mjini, sijui kama alifanya hii lakini wengi hufanya, gari ikinguruma anatoa tamino ya betri kuona kama alternata inafanya kazi. Hio ni kitu ya magari ya kitambo. Ukitoa betri injini ikiwa imewaka, alternata inakosa mahali pa kumwaga na volti zinaruka juu hata kupita 100 kwa muda mfupi, komputa ya gari na redio ndizo zinakula hasara. Redio kukufa wiki moja baada ya gereji mimi hushuku hapo kwanza. Bwanako asiwahi kujaribu.

Haya, karatasi ya sigara. Hio nilisoma nikaweka simu chini nikatembea kidogo.

Watu hudhani fyuzi inalinda taa ama redio. Inalinda waya. Fyuzi nyekundu ni 10, bluu 15, manjano 20, kijani 30, na fundi wa kiwanda alichagua hio namba juu ya unene wa waya umepita huko ndani. Fyuzi inakatika juu kuna mahali waya umegusa bodi, inakupigia kelele. Ukiweka silva, kelele imenyamaza lakini waya bado umegusa, na sasa kitu cha kukatika hakuna, kwa hivyo waya wenyewe ndio unakua fyuzi. Unapata moto kama koili ya meko ukiwa ndani ya karpeti, chini ya miguu yake, saa tisa usiku, na nyuma ana magunia ya viazi mpaka dirishani, mlango wa nyuma haufunguki. Mimi si mtu wa kutishia watu lakini hio usiku mmoja inatosha. Atoe hio karatasi kabla gari haijatoka tena. Fyuzi mpya ni pesa ya soda, anunue pakiti.

Mahali pa kutafuta hio shida naweza kumwonyesha nikiwa hapa. Taa za mbele zinahitaji waya upite kutoka kwa injini uingie ndani, na katikati kuna ukuta wa chuma. Fundi mvivu anapasua shimo anapitisha waya uchi, ukingo wa shimo ni kama kisu, barabara ya Elburgon inatikisa, mwezi mmoja ganda limeisha. Aingie hapo na tochi, negativu ikiwa imetoka. Waya ukipita kwa chuma lazima upite kwa kampira.

Na hizo taa azifunge upya kabisa. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa 12 ni kama ampia 9. Ampia 9 hazifai kupita kwa swichi ya dashibodi wala kuunganishwa kwa waya wa taa za kwanza wa gari, zinataka njia yao, ndio kuna relei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa. Kutoka positivu ya betri, fyuzi ya 15 inakaa karibu na betri, isizidi shibiri moja, juu ule waya uko kabla ya fyuzi haulindwi na mtu. Halafu mguu wa 30 wa relei, unatokea 87 kuenda taa, 85 kwa bodi, na 86 ndio unaenda kwa swichi, hapo kwa swichi umeme haufiki hata robo ampia. Swichi nayo ichukue moto wake mahali pana fyuzi. Waya ni wa milimita mraba 2.5 ule laini wa nyuzi nyingi, asiniletee ule mgumu wa kuweka kwa nyumba, mtikisiko utauvunja ndani kwa ndani na nje utaona uko mzima. Viungo akandamize na tamino zake za waya ama achomee lehemu, kusokota na kufunga tepu ni kazi ya dakika tano na moto wa miezi mitatu, karibu na injini gundi ya tepu huyeyuka ikateleza yenyewe.

Honi, asiguse. Najua anajiandaa kuigusa juu ni ya aibu sokoni, lakini kitu inafanya honi ilie ukikata kona iko ndani ya usukani, na juu yake kuna aibegi, ule mfuko wa kufura gari ikigonga, kama hio Probox yenu iko nayo, na nyingi ziko. Aibegi hailipuki polepole na yeye atakua ameinamia hapo uso karibu. Hizo ni zile soketi za manjano, akiona manjano popote kwa gari ajue ni ya aibegi, asipime na multimita, asichokore na taa ya kupimia. Toyota wenyewe husema toa negativu ungoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa hapo, juu umeme hubaki umehifadhiwa hata betri ikiwa imetoka. Hio ampelekee mtu anaijua, na akae hapo amuone akingoja. Kwa sasa atoe fyuzi ya honi kama aibu imezidi, ingawa mimi ningependa mtu wa Salgaa usiku awe na honi, basi ni ya kufanywa haraka.

Kumkataza? Mimi singemkataza. Mtu amelipa fundi akaharibiwa gari, ana loni, anaamka saa tisa kulisha watoto, na amejua kutafuta masomo kwa simu badala ya kukaa kwa baa Jumapili. Kitu anakosa ni mtu wa kumwambia gari si waya mbili. Wewe mwekee masharti yako kama mwenye nyumba. Afanye mchana na mtu mzima akiwa hapo, watoto mbali. Pete, saa, bangili, hata mnyororo wa shingo vinatoka kabla boneti haijafunguliwa, na asiweke pete kwa mnyororo ati ndio isipotee, nimeona mtu amefanya hivyo, shingo ni mbaya kuliko kidole. Shati la mikono mirefu linalolegea hapana, feni ya injini kwa magari mengi hujiwasha yenyewe hata ukiwa umezima injini ikiwa bado moto. Asilale chini ya gari imeshikwa na jeki peke yake. Nunueni kizima moto cha poda hata kile kidogo cha kilo moja kikae mbele, si nyuma chini ya viazi. Moshi ukitoka kwa boneti akiwa barabarani, asimame, azime, atoke, na asiifungue boneti yote kwa pupa juu hewa ikiingia moto unapanda, aifungue tu kidogo apulize poda hapo kwa upenyo.

Sasa tuje kwa Aqua, na hapa sibembelezi. Hio ni haibridi, gari ya petroli na umeme pamoja. Ina betri ndogo ya 12 kama yenu, lakini ina ingine kubwa ya volti 144, na mle ndani inapandishwa hadi kupita 500. Yote nimekwambia hapo juu kuhusu ngozi kuzuia umeme, sahau. Huko ngozi haizuii kitu. Kwa Probox kosa ni kovu kama langu na lake, kwa Aqua kosa ni mazishi, na simaanishi kutisha. Zile waya nene za rangi ya machungwa ndio hizo, hata ukizima gari, hata ukitoa betri ndogo, kuna umeme umekaa ndani ya inverta, kile kisanduku cha kubadilisha umeme, ukingoja. Wenye kuzifanya wana glavu maalum za volti 1000, wanatoa plagi ya usalama, wanangoja dakika 10, wanapima ndio waguse. Video ya simu haitoshi. Kama jirani anataka msaada, bwanako amsaidie kupata mtu wa haibridi, hata akilipwa ya chai kwa kumpeleka ni sawa, lakini asifungue chochote.

Halafu kwa hio pete. Ulisema imelika upande mmoja. Hebu ichukue kwa kikombe uisafishe na mswaki wa zamani, uigeuze. Kama nilivyosema iligusa vitu viwili, spana na bodi, kwa hivyo inafaa iwe na alama mbili, ile kubwa uliona na ingine ndogo upande wa pili ama kando. Umwambie pia akuletee hio spana namba 10, mahali iligusa pete itakua na katundu keusi kadogo kama kidonda. Ukipata hivyo vyote vitatu vinalingana, basi mwonyeshe mama mkwe, spana na pete pamoja, uone kama atauliza tena. Kuirudisha kidoleni ni hadi kidole kipone kabisa na ngozi ikae sawa, na kabla ya hapo sonara ailainishe mahali imelika isije ikamkata. Akikataa kuivaa hata hapo usimlazimishe haraka. Mimi saa yangu nilinunuliwa ingine mpya na mke wangu, na miaka yote hii bado iko mfukoni.

Jirani wa Aqua umwambie fundi amesema hapana.